Ruaha Mbuyuni: Barabara, Mfereji na Afya

Ukitoka Iringa mjini kwa basi kwenda Morogoro, unapita Ilula, kisha unaanza kuteremka Mlima Kitonga. Barabara ni ya kona nyingi, na upande mmoja ni korongo. Malori yanashuka polepole, moja nyuma ya jingine. Harufu ya breki inaingia mpaka ndani ya basi. Abiria waliovaa makoti tangu Iringa wanaanza kuyavua. Chini ya mlima joto linawapokea. Mnapita Mtandika, na mbele kidogo mnafika Ruaha Mbuyuni. Hapa Mkoa wa Iringa unaishia. Mbele yake ni Mkoa wa Morogoro.

Mbuyuni imo katika Wilaya ya Kilolo. Watu wengi wakisikia jina la Kilolo hufikiri baridi, ukungu na viazi. Ni kweli kwa sehemu za juu. Lakini Mbuyuni ni Kilolo ya chini. Vilima vyake ni vikavu, vina miiba na mibuyu minene ya rangi ya majivu. Mgeni anaweza kuuliza: watu wa hapa wanalima nini? Basi ashuke, atembee kidogo kuelekea mtoni. Ataona kijani. Ni vitunguu.

Kazi hiyo imefanywa na maji. Mto Ruaha Mkuu unapita hapa ukitoka bwawa la Mtera kwenda bwawa la Kidatu. Mito ya milimani, kama Lukosi, inaingia humo. Wakulima wamechimba mifereji. Wengine wana mashine za kuvuta maji. Mbegu husiwa kitaluni, miche huhamishiwa majarubani, na maji huingizwa jaruba moja baada ya jingine. Baada ya miezi michache vitunguu vyekundu hupangwa kando ya barabara katika mifuko ya nyavu. Basi likisimama, vijana huinyanyua mifuko hiyo mpaka madirishani. (Habari ya lumbesa nitaiandika siku nyingine. Nikiianza leo sitamaliza.)

Mimi ni Bwana Shamba. Nilipoombwa kuandika juu ya afya ya Mbuyuni, mwenzangu mmoja alicheka. Alisema, "Wewe na sindano wapi na wapi?" Lakini mganga huwaona wakulima wakiisha kuugua. Mimi huwaona kabla. Nawaona wamesimama ndani ya maji, miguu mitupu, tangu alfajiri. Nawaona watoto wao wanaoga katika mfereji ule ule. Na mkulima akiugua wakati wa kuhamisha miche, miche haimngojei.

MFEREJI

Siku moja saa sita mchana nilikuta kundi la vibarua wanapumzika kando ya mfereji. Walikuwa wanakula ugali na dagaa. Watoto wawili walikuwa wanachezea maji. Tulisalimiana: "Kamwene." "Kamwene, Bwana Shamba." Nikawauliza kama kuna mtu aliyewahi kuona damu mwishoni mwa mkojo. Vijana walitazamana, wakacheka kwa aibu. Mzee mmoja akasema, "Bwana Shamba, hiyo ni kukua. Sisi zamani kijana asiyekojoa damu tulisema bado mtoto."

Nilimjibu, "Shikamoo mzee, lakini hiyo si kukua. Hicho ni kichocho."

Ndugu msomaji, jambo hili tulieleze taratibu, maana ukilijua linavyokwenda utaona mwenyewe pa kulikatia njia.

Kichocho huletwa na minyoo wadogo sana wanaoishi ndani ya mishipa ya damu. Aina moja hukaa karibu na kibofu cha mkojo. Aina nyingine hukaa karibu na matumbo. Minyoo hao hutaga mayai. Mayai hutoka kwa mkojo au kwa choo kikubwa. Mtu akijisaidia majini au kando ya maji, mayai huanguliwa. Kidudu kinachotoka humo hutafuta konokono wa majini. Kikiingia ndani ya konokono huzaliana, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo humwaga majini vidudu wengine wengi, wadogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Hao sasa humtafuta mtu. Huipenya ngozi kwa dakika chache tu. Hakuna jeraha na hakuna maumivu ya kukuonya.

Vidudu wa kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa nne asubuhi mpaka saa nane hivi mchana. Ndiyo saa watoto wanayopenda kuoga. Ndiyo saa kibarua anayonawa jasho.

Mahali penye joto, maji yaendayo polepole, majani ya kujificha konokono na watu wengi wasio na choo, pana kila kitu ambacho kichocho kinataka. Nchi yetu ina wagonjwa wengi wa kichocho. Katika Afrika inatajwa kuwa ya pili baada ya Nigeria. Ugonjwa huu hauui haraka kama kipindupindu, na kwa sababu hiyo watu wanaudharau. Unanyonya damu ya mtoto polepole. Anasinzia darasani. Akikaa nao miaka mingi bila dawa, kibofu huharibika, na wengine hupata saratani ya kibofu.

Dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli. Ni vidonge, na kipimo hufuata urefu au uzito wa mtu. Wanafunzi hupewa shuleni bila malipo. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa vidonge hivyo kama msaada kupitia Shirika la Afya Duniani, na serikali zetu huvifikisha kwa watoto. Huo ni msaada mkubwa. Lakini vidonge huua minyoo waliomo mwilini siku ile. Havizuii wengine kuingia kesho. Mtoto akimeza leo na kuoga mfereji ule ule wiki ijayo, ameanza upya.

Tena tuangalie nani anakosa. Vidonge vinapelekwa shuleni. Lakini wanaosimama majini kutwa nzima ni watu wazima. Wengi ni vibarua waliotoka juu Kilolo au mikoa mingine. Wanalala vibandani shambani. Msimu ukiisha wanaondoka. Hawamo katika daftari la shule, na pengine hawamo hata katika daftari la kitongoji. Mtu wa namna hiyo atafikiwa na nani?

TUVUKE BAHARI KIDOGO

Swali hilo linatufikisha kwenye habari ya taasisi za hisani. Taasisi ya hisani ni chombo kilichoundwa ili kusaidia watu bila kutafuta faida. Fedha zake hutoka kwa watu wanaojitolea, kwa makampuni, kwa serikali za nje, au kwa mali ambayo mtu aliiacha. Siyo serikali, wala siyo duka. Zipo zinazofanya kazi nzuri, na zipo zinazokuja na fulana na kofia, zikapiga picha na kuondoka. Mimi kofia ninazo tano. Hakuna hata moja iliyozuia mbu.

Nitatoa mfano wa kazi nzuri. Kisiwani Pemba, watoto wengi walikuwa na minyoo ya tumbo na kichocho. Alikuwako profesa mmoja wa Italia, Ivo de Carneri, aliyekuwa mtaalamu wa vimelea. Alikwenda Pemba kwa kazi ya kupambana na maradhi hayo, akatamani pawe na maabara pale pale kisiwani, si kuchukua mkojo na choo na kupeleka ng'ambo. Alifariki mwaka 1993 kabla maabara haijajengwa. Mwaka 1994 ikaundwa taasisi ya hisani yenye jina lake. Mwaka 2000 maabara ikafunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, kwa ushirikiano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Jambo ninalolipenda katika habari hii ni moja. Maabara ile iko chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Imefundisha Wapemba kutumia darubini, kuhesabu mayai ya minyoo na kuandika matokeo. Anayepima ni mtu wa pale. Mgeni akirudi kwao, darubini haiondoki naye.

Baadaye yalifanywa majaribio makubwa ya kukomesha kichocho Unguja na Pemba, kuanzia mwaka 2012 mpaka 2017, na maabara ya Wawi ilishiriki. Watu wazima na watoto walipewa vidonge mara mbili kwa mwaka. Katika shehia nyingine iliongezwa dawa ya kuua konokono. Katika nyingine iliongezwa elimu: walimu walifundishwa, watoto walionyeshwa michezo ya kucheza mbali na maji, na zikajengwa sehemu za kufulia nguo na mahali pa kukojolea. Kichocho kilipungua sana. Hata hivyo hakikuisha. Sehemu chache zilibaki na ugonjwa. Wataalamu wenyewe wanakiri kwamba mkono ukilegea kinarudi.

Nimewaeleza vibarua wa Mbuyuni habari hii. Mmoja akauliza, "Basi hao wa Pemba waje na huku." Nilimwambia, wa Pemba walianza na mahali pa kukojolea. Je, sisi hapa shambani tuna choo? Wote walinyamaza. Mtu aliyefika shambani alfajiri na kutoka magharibi, ajisaidie wapi? Nyuma ya mbuyu. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka mferejini.

Na kina mama nawaomba wasome hapa kwa makini. Kichocho cha mkojo kikikaa mwilini mwa mwanamke huweza kuleta vidonda katika sehemu za uzazi. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa, naye huona haya kwenda kupimwa. Wataalamu wanaeleza kwamba vidonda hivyo vinaweza kurahisisha virusi vya UKIMWI kuingia. Kwa hiyo hapa Mbuyuni mfereji na barabara vinakutana mwilini mwa mwanamke.

BARABARA

Barabara hii ndiyo inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Malori ya shaba, mafuta na mbolea hupita usiku na mchana. Dereva aliyechoka hutaka kula, kuoga na kulala kabla ya kupanda Kitonga. Mama lishe huuza wali. Mwenye nyumba hupangisha chumba. Hizo ni riziki halali. Lakini penye safari nyingi na fedha za haraka, maradhi nayo hupata usafiri.

Wako wasomaji wanaolijua shirika la AMREF. Lilianza mwaka 1957 likiwa huduma ya madaktari warukao. Madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliona kwamba watu wa vijijini Afrika Mashariki wako mbali mno na hospitali. Wakaamua daktari apande ndege amfuate mgonjwa. Ndege iliokoa wengi. Lakini ndege huja mtu akiisha kuumia. Baada ya miaka, shirika likatia nguvu kubwa katika kinga na mafunzo vijijini.

Miaka ya mwanzo ya 1990, AMREF ilifanya kazi katika vituo vya malori kando ya barabara hii kuu. Haikuleta kipaza sauti peke yake. Iliwafundisha wahudumu wa baa, wauzaji na madereva, ili wao wenyewe wafundishane. Kondomu ziliwekwa pale pale mtu alipo, siyo katika kabati la hospitali lenye ufunguo. Walioambukizwa magonjwa ya zinaa walielekezwa kwenye matibabu. Katika miaka michache hiyo, matumizi ya kondomu yaliongezeka miongoni mwa wanawake na madereva wa vituo hivyo.

Kwa nini ilifaa? Kwa maoni yangu ni kwa sababu dereva hakuambiwa na mgeni. Aliambiwa na dada anayemjua kwa jina, anayejua pia kama amelewa au la. Nasi mabwana shamba tumejifunza hivyo kwa njia ndefu. Mkulima huiga shamba la jirani kabla ya kuiga karatasi yangu.

Mradi ule ulikwisha. Virusi havikuisha. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba, kati ya watu wenye miaka 15 na kuendelea, wenye virusi vya UKIMWI Tanzania walikuwa 4.4 katika kila 100. Mkoa wa Iringa walikuwa 11.1 katika kila 100. Jirani zetu wa Njombe walikuwa 12.7. Sisi wa Nyanda za Juu hatuna sababu ya kujisahau. Kupima ni bure na dawa ni bure. Anayemeza dawa kila siku mpaka kipimo hakioni tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Habari hii haikuwepo wakati wa mradi ule wa malori, na bado wengi hawajaisikia.

NYUMBA YA NESI

Taasisi nyingine ni ya hapa nchini. Mzee Benjamin Mkapa alipomaliza urais mwaka 2005, mwaka uliofuata iliundwa taasisi yenye jina lake. Yeye alifariki Julai 2020, na taasisi inaendelea. Moja ya kazi zake imekuwa kuajiri watumishi wa afya kwa mkataba na kuwapeleka wilaya zenye upungufu. Nyingine ni kujenga nyumba za watumishi hao. Mwezi Julai mwaka 2017, kule Chato mkoani Geita, Mzee Mkapa alimkabidhi Rais John Magufuli nyumba 50 za watumishi wa afya.

Utasema nyumba siyo dawa. Fikiri hivi. Nesi asiye na nyumba hupanga mbali. Mvua ikinyesha hafiki. Mama amebeba mtoto mgongoni kilomita nane kwa ajili ya chanjo ya surua, anakuta mlango umefungwa. Mara ya pili hatakwenda. Mtoto yule akiugua surua, watu watasema ni bahati mbaya. Ukifuata nyayo mpaka mwanzo, utakuta ni nyumba iliyokosekana.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Shabaha ni kuwapata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Taasisi ya Mkapa ni mmoja wa wanaoshirikiana na serikali katika kazi hiyo. Mhudumu wa namna hii hachomi sindano kubwa wala hapasui. Hutembea nyumba kwa nyumba. Huuliza: mtoto amechanjwa? Chandarua kimechanika? Mama mjamzito amehudhuria kliniki? Choo kipo? Kwa mashamba ya Mbuyuni, ninatamani atembee pia kibanda kwa kibanda.

FEDHA ZIKIKATIKA

Sasa nasema jambo gumu. Fedha za msaada zina mwenyewe, na mwenyewe ana uamuzi wake. Mwezi Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja. Katika nchi nyingi za Afrika, pamoja na yetu, kazi za afya zilizotegemea fedha hizo zilitikisika, na wako watumishi waliopoteza kazi. Hakuna kijiji kilichoulizwa.

Je, kipi hubaki mfadhili akiondoka? Iringa tunacho kisa chetu wenyewe, na wazee wanakikumbuka kwa jina la mizani.

Mwaka 1983 ulianzishwa hapa Iringa mpango wa lishe. Uliendeshwa na serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Haikuwa taasisi ya hisani, lakini fedha ni zile zile za kutoka mbali. Ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wadogo walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi, siku ya afya ya kijiji. Uzito uliandikwa katika kadi. Hesabu ya kijiji ilipelekwa kwenye serikali ya kijiji na kujadiliwa.

Hapo ndipo penye siri yake. Mtoto alipoonekana amepungua, watu hawakusema tu "lishe duni." Waliulizana sababu. Kumbe mama yuko shambani tangu asubuhi, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku, uji mwepesi. Kumbe alikuwa na malaria wiki mbili na hakupelekwa kutibiwa. Kumbe baba ameuza mahindi yote. Kila sababu ilikuwa na dawa yake, na nyingine hazikuhitaji fedha. Vijiji vingine viliweka mahali pa kulishia watoto wakati wazazi wako mashambani. Baada ya kuchukua hatua, walipima tena waone.

Mwaka 1984 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji vile walikuwa 6.3 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa 1.8. Wenye uzito mdogo kwa jumla walishuka kutoka 56 hivi katika kila 100 hadi 38. Watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza.

Mfadhili alinunua mizani. Lakini aliyesimama mkutanoni na kuuliza "kwa nini mtoto wa fulani amepungua?" alikuwa mwanakijiji. Swali hilo halina spea za kuagiza Ulaya.

Kwa hiyo gari la mradi likija kijijini kwenu, lipokeeni kwa heshima, kisha ulizeni. Mradi ni wa muda gani? Daftari litatunzwa na nani? Kifaa kikiharibika, fundi yuko wapi? Anayefundishwa ni mtu wetu atakayebaki, au ni mtu wa kuja na kuondoka? Mfadhili mwenye nia njema hataudhika. Anayeudhika, mmemjua mapema.

KAMATI YA MFEREJI

Nirudi mashambani Mbuyuni. Kamati ya mfereji mmoja ninaoutembelea ilikutana baada ya mavuno. Ajenda ilikuwa kusafisha mfereji, kama kila msimu. Kila mwenye shamba huchanga fedha au hutoa mtu wa kazi. Niliomba nafasi ya kusema. Nikasema majani yakifyekwa na maji yakitembea vizuri, konokono hukosa makao na vitunguu hupata maji. Hilo walilikubali mara moja. Nikasema tena chupa za dawa ya wadudu zisioshwe mferejini, maana wa chini wanakunywa. Hilo nalo likakubaliwa, ingawa wawili watatu waliinamisha vichwa.

Nikataja choo cha shambani. Hapo palichacha.

Mmoja alisema tusubiri wafadhili, wamesikia kuna mradi unakuja. Mwingine alisema, "Choo kikijengwa kwangu kitachafuliwa na watu wote, nani atakisafisha?" Huyo alikuwa na haki. Mama mmoja anayekodi majaruba akasimama. Alisema yeye ana vibarua sita wanawake, na hao kutwa nzima hawanywi maji kwa kuogopa haja. "Mnataka waugue figo au wajisaidie mbele yenu?" Baraza likatulia kidogo.

Mwisho walikubaliana vyoo viwili, kimoja juu ya mfereji na kimoja chini, kwa mchango wa kila msimu. Niliwapa vipimo. Shimo liwe mbali na maji, mita 30 au zaidi, yaani hatua 40 ndefu. Liwe mahali pasipotuama maji ya mvua. Liende chini mita tatu kama udongo unaruhusu, lakini chini lisikute maji. Sakafu iwe imara, tundu liwe na mfuniko, na mlangoni kuwe na kibuyu chirizi na sabuni ya kunawia. Kazi ya kusafisha iende kwa zamu, kila mwenye shamba wiki moja, na zamu iandikwe.

Pia walikubali kumwita mganga msimu ukianza, ili aeleze vibarua. Mtu mzima aliyeona damu katika mkojo aende apimwe mkojo, na inafaa zaidi uchukuliwe karibu na mchana, kwa sababu wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Anayelazimika kuingia majini avae mabuti ya mpira kama anayo. Maji ya kuogea yakitekwa jioni yakakaa ndani ya pipa siku mbili bila konokono, vidudu wa kichocho wanakuwa wamekufa. Lakini kwa kunywa lazima yachemshwe.

Sasa ninapoandika, shimo la juu limefika kifuani. Linachimbwa na vijana wawili kwa zamu, asubuhi kabla ya jua kali. La chini bado halijapata mahali. Mwenye kiwanja kinachofaa amesema atatoa jibu akiisha kuuza vitunguu vyake, na bei wiki hii siyo nzuri.